Karatasi ya Joto ya Mkono wa Kulia

Ravdna alikuwa akisafisha banda alipokiona, na mwanzoni hakuelewa anaona nini. Usukani wa zamani, ule uliopinda siku pikipiki ya theluji ilipobiringika mtoni, ulikuwa juu ya meza ya kazi ukisubiri kutundikwa ukutani, maana kwa Ravdna hakitupwi kitu. Upande wa kulia, pale kishikio kilipokuwa, kipande cha plastiki nyembamba kilikuwa kimegandamana na chuma, upana wake kama kidole gumba. Akakikwaruza kwa ukucha. Ndani ya plastiki ile ilipita mistari ya shaba.

Akaacha kusafisha.

Kila pikipiki ya theluji ina karatasi mbili za joto. Tunaziita karatasi tu, ila ni plastiki yenye nyaya za shaba nyembamba kuliko nywele, iliyozungushiwa usukani chini ya vishikio ili mikono isigande. Jana mchana Ravdna alizibandua kwenye usukani uliopinda akazihamishia kwenye usukani mpya. Ya kushoto ilitoka vizuri, nzima nzima. Ya kulia iling'ang'ania, akaipuliza kwa draya ya nywele, akaivuta, ikatoka na pembe moja imekaa vibaya. Alidhani imejikunja tu. Akaizungusha kwenye chuma kipya, akavuta kingo zake mpaka zikapandana, akaifunga kwa tepu nyeusi, akachomeka kishikio juu yake na gundi.

Kumbe haikuwa imejikunja, ilikuwa imechanika. Kipande chake kilikuwa hapa mezani, na pikipiki ilikuwa imeondoka tangu alfajiri na mdogo wake, Jovnna, kuelekea malishoni waliko kulungu, hawa wa kaskazini tunaowafuga.

Binamu yao Iskko alikuwa amemwonya. Alipita bandani jana kuazima spana, kama kawaida yake ya kuazima na kusahau, akamkuta kainama na draya mkononi.

"Mwanamke huyu!" alisema. "Theluji ya mwaka jana nayo umeiweka wapi, uje uitumie tena?"

"Ingekuwa bado nzuri ningeitumia."

"Ravdna, hizo zikishabanduka zimekufa. Kila mtu anajua. Agiza mpya."

"Mpya zinafika baada ya wiki mbili. Nenda kawaambie kulungu wakusubiri wiki mbili, tuone watakujibu nini."

Iskko alicheka akaondoka na spana. Na kweli, kulungu hawasubiri mtu. Mwezi wa tatu ukiingia, majike wenye mimba huanza kunusa upepo wa baharini, na siku wanayoamua kuondoka kwenda kuzaa pwani wanaondoka, uwe tayari usiwe tayari. Jovnna alihitaji pikipiki leo. Ravdna naye ndiye fundi wa ukoo mzima, tangu enzi za baba yao, na hakuna jambo linalomkera kama kuambiwa kitu hakitengenezeki.

Lakini hilo la kuchanika halikuwa ndilo lililomfanya aketi juu ya debe la mafuta. Alikumbuka alichomwambia mdogo wake jana jioni.

"Umezijaribu?" Jovnna aliuliza.

"Nusu saa nzima. Joto la juu."

Ulikuwa uongo. Aliwasha mashine kwa muda ambao sufuria ya maji huchukua kuchemka, joto la chini kabisa, akashika vishikio vyote viwili, akasikia uvuguvugu, akazima, akakimbilia ndani kwa sababu mchuzi wa nyama ulikuwa unafurika jikoni. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa nini hakusema hivyo? Kwa sababu Iskko alikuwa amemcheka, na alitaka kazi yake iwe nzuri kwa maneno hata kama mikono ilikuwa bado na shaka.

Na mkono wenyewe ulikuwa wa kulia. Hapo ndipo penye kisa chote. Miaka miwili iliyopita Jovnna alizama mpaka kifuani kwenye maji yaliyojificha juu ya barafu ya ziwa, akatembea saa tatu, glovu ya kulia ikiwa imepotea. Hospitalini walimkata ncha za vidole viwili. Ravdna alikuwa pembeni ya kitanda mkono ule ulipokuwa ukiyeyuka. Mwanaume mzima, mrefu kama mlango, aling'ata shuka mpaka ikatoboka. Daktari aliwaambia wazi, wote wawili wakisikia: mkono huu ukiganda mara ya pili, sitakata ncha, nitakata mkono.

Mchungaji asiye na mkono wa kulia hawezi kurusha kamba. Asiyeweza kurusha kamba hukaa nyumbani na redio wakati wenzake wanatia alama masikio ya ndama, na Jovnna alishakaa hivyo msimu mzima, akikonda kwa aibu. Kisha msimu wa vuli aliingia kwenye kikao cha siida, yaani zile familia zinazochunga pamoja, akauinua mkono wake juu, akakunja vidole na kuvikunjua. "Umepona," alisema. "Umerudi wote." Wakamrudishia nafasi yake. Hakuna aliyemhoji. Kwetu huulizi mtu ana kulungu wangapi, na mwili wa mtu nao ni hivyo hivyo. Akisema kapona, unamwongezea kahawa.

Simu ikalia mfukoni. Ravdna karibu aiangushe.

"Dada! Huku shwari. Wametulia, wanachimbua theluji wanakula zao."

"Jovnna, kishikio cha kulia..."

"Ndicho nilichotaka kukwambia. Hakipati moto hata kidogo. Nimepandisha mpaka mwisho toka asubuhi, wapi! Fundi mkuu umechemsha leo."

"Rudi nyumbani."

"Nirudi? Kulungu nimwachie nani, mbwa mwitu?"

"Mkono wako ukoje?"

Swali lile halikuwa la desturi baina yao, na wote wawili walilisikia lilivyotua.

"Mkono wangu mzima," alisema Jovnna, sauti imebadilika. "Nilishasema. Sasa navuka kilima, simu itakata..."

Ikakata. Ravdna akapiga tena, akapiga tena. Kipimajoto cha mlangoni kilionyesha nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri.

Basi alijua, au alidhani anajua. Karatasi imekufa, kishikio ni cha baridi, na mkono ule unaganda huku mwenyewe akijikaza kisabuni ili siida wasimtoe tena. Alifunga sleji nyuma ya pikipiki yake kuukuu, akarusha ngozi tatu za kulungu, chupa ya chai, kitita cha nyasi kavu za kutia viatuni, akatoka uani bila kufunga mlango wa banda. Mwenyewe hakukumbuka kama alivaa kofia ya pikipiki. Alikuwa ameivaa.

Alama ya mkanda wa pikipiki ya Jovnna ilikuwa wazi juu ya theluji ngumu, akaifuata. Jua lilikuwa juu, jeupe, lisilo na faida yoyote. Kutoka nyumbani hadi kilimani ni kilomita arobaini, na katika kila kilomita alikuwa akiona vidole. Aliviona vyeupe kama mishumaa. Aliviona vyeusi. Alimwona daktari yule akivua miwani yake kabla ya kusema, kama alivyofanya mara ya kwanza. Alijisemesha kwa sauti ndani ya kofia. "Nusu saa nzima," alisema. "Joto la juu. Mwongo mkubwa wewe." Machozi yalimganda kwenye kope, ikabidi asimame ayabandue kwa vidole ili aone njia.

Akaanza kupanga. Akimkuta mkono umekuwa mweupe lakini laini, atautia tumboni mwake, ngozi kwa ngozi, na utapona. Akiukuta mgumu, hataugusa, ataufunga na kukimbia naye hospitalini, na huko wataukata. Laini au mgumu, aliyarudia maneno hayo mawili kwa mdundo wa injini mpaka yakapoteza maana.

Alikivuka kijito kilichoganda, akapanda mteremko wa kwanza, na hapo katikati ya njia akaona kitu chekundu.

Ilikuwa glovu. Glovu nene ya nje, ya mkono wa kulia, ya ngozi ya miguu ya kulungu, yenye utepe mwekundu aliousuka yeye mwenyewe Ravdna kwa Krismasi. Ilikuwa imelala chali juu ya theluji.

Nywele zilimsimama. Nyika nzima ilimzunguka, nyeupe, bila sauti, na alisikia damu yake ikigonga masikioni. Kila mtu wa kwetu anajua jambo hili tangu utotoni: mtu anayekufa kwa baridi hufika mahali akaanza kuvua nguo. Akili humdanganya kwamba anaungua. Anavua glovu, anavua kofia, anavua koti, na wanaomtafuta huanza kuokota mavazi kabla hawajamfikia. Mjomba wao alitafutwa hivyo. Kofia kwanza, kisha koti limekunjwa vizuri juu ya jiwe.

"Jovnna!" alipiga kelele, ingawa hapakuwa na mtu wa kusikia. Aliitia glovu kifuani, akabana akseleta mpaka mashine ikalia kwa uchungu. Macho yake hayakuwa tena kwenye njia, yalikuwa pembeni yake, yakitafuta kofia.

Hakuona kofia. Alipofika juu ya kilima aliona kulungu kwanza, doa la kahawia lililotawanyika bondeni, kisha karibu yake pikipiki ya Jovnna. Imezimwa. Hakuna mtu juu yake. Hakuna mtu pembeni yake.

Aliteremka mteremko ule asijue anavyoteremka. Alikuwa amekwishamzika mdogo wake, amekwishamweleza mama yao, amekwishasimama mbele ya siida na kile kipande cha plastiki mkononi, ndipo alipouona moshi. Ulikuwa mwembamba, umenyooka, ukitoka nyuma ya sleji. Na nyuma ya sleji, juu ya ngozi, miguu kainyoosha, alikaa Jovnna akisubiri kahawa.

Alipomwona dada yake alianza kumwimba. Si maneno, ni ile sauti yake, wimbo mfupi wa Ravdna aliopewa akiwa mtoto, kama kila mtu wa kwetu anavyopewa wake, unaopanda haraka na kukatika ghafla kwa sababu ndivyo alivyo mwenyewe.

Ravdna alizima mashine. Alitaka kumkumbatia na kumpiga kofi kwa mkupuo mmoja. Badala yake akaketi juu ya theluji.

"We, vipi?" Jovnna aliacha kuimba. "Mama?"

"Mama mzima."

"Sasa mbona umekuja kama umeona jini?"

Ravdna akamtupia glovu. "Nimeikuta njiani! Umevua glovu kwenye baridi hii, umerukwa na akili?"

"Ahaa, ndiyo hiyo. Iliniponyoka." Jovnna aliiokota kwa mkono wa kushoto. "Kishikio hakipati moto, nikasema glovu hii ni nene mno, nitoe, nibaki na ile nyembamba ya sufu, pengine nitalipata joto kwa karibu. Upepo hauingii, kuna mifuko ya ngozi kwenye usukani. Umeishona mwenyewe, umesahau?"

"Mkono haujaganda?"

"Haujaganda, dada. Tazama." Aliuinua, ukiwa ndani ya glovu ya sufu, kiganja kikitazama chini, akakunja vidole, akavikunjua, vile vile kama alivyofanya kikaoni. "Kunywa kahawa. Sura yako inatisha kulungu."

Akammiminia kwa mkono wa kushoto, akamtilia humo vipande vya jibini, kama tunavyokunywa kwetu. Ravdna alikunywa. Raha iliyomshika hapo ilikuwa kubwa mpaka ikamwuma. Alicheka peke yake, akamtukana mdogo wake kidogo, akamtukana Iskko, akala jibini lililolainika kwa kidole. Mkono mzima! Karatasi imekufa, basi imekufa, ataagiza nyingine, na Iskko atacheka mpaka kiangazi, acha acheke.

Kisha upepo ukageuka, moshi ukaenda upande wa pili, naye akasikia harufu.

"Kuna nini kinaungua?"

"Mkanda wa injini," alisema Jovnna. "Unanuka toka asubuhi. Nimesimama hapa upoe."

Ravdna alikuwa fundi. Mkanda ukiungua unanuka mpira. Hii ilikuwa harufu ya nywele, harufu ya kwato za kulungu zikichomwa motoni. Aliweka kikombe chini. Alitembea mpaka kwenye pikipiki, iliyokuwa imezimwa muda wa kutosha kuchemsha kahawa, akaingiza mkono wake kwenye mfuko wa ngozi wa kulia, akashika kishikio.

Aliutoa mkono haraka. Baada ya muda wote ule, kwenye baridi ile, kishikio kilikuwa bado cha moto, na raba yake imelainika mahali pamoja, pale pale alipozipandanisha kingo za karatasi iliyochanika. Akaelewa mara moja. Shaba iligusana na shaba. Umeme ulikata njia, ukapita pafupi, na moto wote wa karatasi ukajikusanya sehemu moja. Haikuwa imekufa hata kidogo.

Aligeuka akamtazama mdogo wake, aliyekuwa akinywa kahawa yake kwa mkono wa kushoto.

"Vua glovu," alisema.

"Ya nini tena?"

"Jovnna. Vua glovu."

Aliivuta. Haikutoka. Alicheka kidogo, akaivuta tena, na Ravdna akamrukia akamshika kifundo cha mkono. "Usivute! Usivute!" Akaugeuza mkono. Katikati ya kiganja sufu ilikuwa ya kahawia, imeungua, imezama ndani ya nyama, na pembezoni mwake ngozi ilikuwa imejaa malengelenge makubwa yanayong'aa. Chini ya vidole viwili vilivyokatwa ncha ngozi ilikuwa nyeupe, imekauka.

Jovnna aliutazama mkono wake kama anautazama wa mtu mwingine.

"Hii nini?" aliuliza polepole.

"Huusikii?"

Ravdna akabonyeza ncha ya kidole kimoja.

"Nakubonyeza hapa. Unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, dada."

"Toka lini?"

Aliinamisha kichwa. Kulungu mmoja alikohoa bondeni, wengine wakainua pembe kisha wakarudi kula.

"Toka siku ile," alisema Jovnna. "Haukurudi hata mara moja. Nikiutazama unafanya ninavyotaka. Nisipoutazama, sijui uko wapi. Nilijifunza kuukunja mbele ya kioo." Akautazama tena mkono. "Wangenitoa, Ravdna. Wangeniweka tena ndani na redio. Na asubuhi nilipoona kishikio hakinipi joto, nilisema la, safari hii si mimi. Safari hii ni kishikio, kimefunguliwa jana tu."

Ravdna alitaka kumwambia mwongo mkubwa wewe, neno lilikuwa tayari kinywani. Likamgeukia.

"Sikuzijaribu nusu saa," alisema. "Nilizijaribu dakika chache. Joto la chini. Mchuzi ulikuwa unafurika."

"Ulisema joto la juu."

"Nilikudanganya."

Wakatazamana, watu wazima wawili kwenye theluji, wenye aibu kama watoto waliovunja sahani. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumkaripia mwenzake. Hofu ikamrudia Ravdna, safari hii bila kelele, kwa sababu sasa alikuwa na la kufanya na aliliona lote. Mkono umeungua, na mkono ule ule unaweza kuganda. Kilomita arobaini za kurudi, nyuzi thelathini na sita, kidonda kibichi, na mwenye mkono hawezi kujua kama unapona au unakufa.

Hakukitia theluji kidonda, ingawa bibi yao angetia. Aliacha sufu pale iliponata, akakizungushia shali yake safi ya hariri, akakata waya wa karatasi za joto kwa kisu, zote mbili, akautupa motoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ravdna kutupa waya.

"Na kulungu?" Jovnna aliuliza.

"Iskko atakuja. Nitampigia kilimani."

"Utamwambia nini?"

"Nitaanza na la kwangu."

"Na la kwangu?"

"Hilo utalisema mwenyewe, kikaoni. Nitakuwa nimekaa karibu yako."

Jovnna alitazama bondeni, walipo majike na mimba zao. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Daktari baadaye aliviondoa vile vidole viwili, kiganja akakiokoa, na siida wakampa Jovnna kazi za kiangazi, wakati hakuna baridi. Lakini hayo siku ile hawakuyajua. Siku ile Ravdna alimpandisha nyuma yake, akafungua koti, akainua sweta mpaka baridi ikamkata pumzi, akauchukua mkono uliofungwa shali akauweka tumboni mwake, kwenye ngozi, akafunga koti juu yake. Akawasha mashine.

Walikuwa hawajafika hata kilimani Jovnna alipoinamia sikio lake.

"Dada, niambie. Ni wa baridi au wa moto?"

"Wa moto," alisema Ravdna. "Uache hapo hapo."

Akaongeza mwendo. Baada ya mteremko akauliza tena, na baada ya kijito akauliza tena, na kila alipouliza Ravdna aliusikiliza kwanza mkono vizuri kwa tumbo lake, ndipo akamjibu ukweli.